Koki ya Nyuma ya Nguzo

Machi 2

Daftari hili ni la kazi. Kurasa arobaini za mwanzo zina mwandiko wa mke wangu, mwenzangu wa kazi: siku, mtaa, ni sinki au ni choo, na kama mwenye nyumba ana mbwa. Neno "mbwa" alilipigia mstari mara mbili kila lilipotokea. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe.

Binti yetu alinipigia simu asubuhi. Akasema, "Baba, kama huwezi kuniambia mimi, basi andika." Nikamwambia sina cha kuandika. Akasema, "Andika hicho hicho."

Haya. Leo imenyesha mvua ya kwanza. Sinki la jikoni linavuja.

Machi 3

Nimemwaga beseni mara mbili.

Machi 5

Nieleze vizuri, maana binti yangu akija kusoma atasema mzee huyu hata kuvuja hajui kueleza.

Sinki letu limekaa juu ya meza ya zege iliyojengwa pamoja na jengo. Chini ya meza kuna nguzo, nayo ya zege. Nyuma ya nguzo, ukutani, ndipo bomba linapotokeza, na hapo kuna koki ndogo ya kufungia maji. Kutoka kwenye koki unapanda mpira hadi kwenye sinki. Kati ya nguzo na ukuta pana nafasi ya vidole vinne. Aliyejenga hakufikiria kwamba koki huharibika. Au alifikiria, akacheka peke yake.

Maji hayatoki kwenye mpira. Yanatoka pale koki inapoingia ukutani. Tone moja, unahesabu hadi tisa, tone jingine.

Koki hiyo aliifunga mwenzangu mwaka jana. Ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya kwa mikono yake, miezi minne kabla hatujamzika.

Miaka ishirini na mbili tulifanya kazi hivi: mimi nabeba mfuko, nafunga koki kuu, nakata bomba, nanyanyua vizito, yeye anaingiza mkono. Mkono wangu ni kama mkate mzima. Wake ulipita popote, nyuma ya masinki, chini ya mabafu, kwenye vipembe ambavyo hata panya angefikiria mara mbili. Yeye alilala chali ndani, mimi nimepiga magoti nje. Kulia na kushoto hatukusema, kwa sababu yeye amelala na mimi nimeinama, na kulia kwake si kulia kwangu. Tulisema "kwa dirisha" na "kwa mlango". Kila nyumba ina dirisha na mlango.

"Kaza kwa dirisha."

"Imeshika."

"Kidogo tena."

"Imeshika, nimekwambia. Na zima hiyo tochi, unanisumbua."

Kila kazi lazima aseme hivyo. Mimi nammulikia nikidhani namsaidia, kumbe yeye anaona kwa vidole.

Tepu nyeupe ya kuzungushia kwenye meno ya bomba ilikuwa kazi yake peke yake. Mimi nikizungusha inajikunja. Yake ilikaa kama ngozi. Siku ya koki yetu alikaa sakafuni, akaninyooshea koki na tepu, akasema, "Leo zungusha wewe." Nikacheka. Nikamwambia, "Fundi mkuu amechoka? Mimi nikufundishe kazi yako?" Akacheka na yeye. Akazungusha, akalala chali, akaingia.

Nalikumbuka hilo cheko lake mpaka leo.

Kwa hiyo siifungui. Beseni linatosha.

Machi 6

Mvua. Beseni.

Machi 7

Mvua. Beseni.

Machi 9

Pete imenivuka kidoleni nikiwa naosha sufuria. Nikaidaka kwenye tundu la sinki, kwa bahati. Nimeizungushia tepu ya bomba kwa ndani, mara saba, sasa imeshika. Mkanda wa suruali nao umefika tundu la mwisho. Nimetoboa jingine kwa msumari.

Machi 13

Leo amepanda Mama Cherehani wa chini. Ni mshonaji, cherehani yake inaanza kunguruma saa mbili asubuhi na kunyamaza saa kumi na moja jioni, na sauti yake mwenyewe huanza mapema zaidi. Mwenzangu alikuwa akishuka kwake karibu kila siku. Mimi nilizoea kumpa salamu za ngazini tu.

"Shemeji," akasema, hata hajafika mlangoni, "dari yangu imechora ramani."

"Ni mvua hii, shemeji yangu."

"Mvua ipi inayonyesha kutoka jikoni kwako?"

"Labda ukuta umeloa."

"Ukuta!" Akaingia bila kukaribishwa, akainama, akaliangalia beseni. Likadondoka tone. Akaliangalia tena. Nikasubiri anipe zangu. Badala yake akainuka polepole, amejishika kiuno, akauliza, "Ndiyo ile?"

Nikasema, "Ile ipi?"

"Basi," akasema. "Nina vitambaa vya harusi ya watu pale chini. Vikiloa, bibi harusi utamvisha wewe."

Akashuka. Nilikasirika siku nzima, kwa sababu alikuwa na haki.

Machi 14

Nimeweka beseni kubwa zaidi.

Machi 18

Niandike aibu ya leo kabla hainisumbui zaidi.

Mwenye saluni ya pale kona alinipigia simu: beseni la kuoshea nywele linavuja kwa nyuma, limebanwa na ukuta na kabati la dawa. Ilikuwa kazi ya kwanza ya kipembe tangu niwe peke yangu. Zote za mwezi huu nilizikubali za wazi tu, na zilizobaki nilisema nina mafua.

Nikalala chali. Kichwa kikaingia, bega likagoma. Akina mama watatu walikuwa wamekaa kwenye viti, mmoja ana povu kichwani.

"Fundi, ingia taratibu, usije ukazaliwa mara ya pili," akasema mmoja.

"Akizaliwa hapa atatoka na nywele zimesukwa."

Nikacheka nao. Sikuiona nati, nikaomba kioo kidogo cha saluni, nikakiegesha nyuma. Sasa naiona vizuri, inang'aa. Nikashika spana, nikasema kama nilivyozoea, kwa sauti kabisa:

"Kwa dirisha au kwa mlango?"

Yule mwenye povu akanijibu, "Dirisha tumelifunga, fundi, mvua inaingia."

Wakacheka. Mimi nikatazama kioo, nikaona dirisha, nikakaza kuelekea huko. Lakini ndani ya kioo dirisha lilikuwa upande wa mlango. Fundi wa miaka ishirini na mbili! Nilikuwa nafungua nikidhani nakaza, nati ikaachia, mpira ukaruka kama nyoka, maji yakanipiga usoni, yakampiga yule mwenye povu, yakaenda kwenye mashine ya kukaushia nywele. Kelele. Koki kuu iko nje, nyuma ya duka. Siku zote tulikuwa mmoja ndani na mmoja nje. Leo nilikuwa wote wawili, na nilichelewa.

Nilimaliza kazi baada ya saa tatu, nimeloa mpaka soksi. Mwenye saluni hakunifokea. Alinipa taulo, akauliza, "Fundi, yule mama unayekujaga naye yuko wapi leo?"

Nikasema, "Leo hakuja."

Machi 19

Sikutoka.

Machi 20

Sikutoka. Tone sasa unahesabu hadi sita.

Machi 24

Msimamizi wa jengo amekuja, na mwavuli wake na kalamu sikioni. Maji yameanza kutoka ukutani kwenye ngazi, watu wa chini wanateleza. Akasema, "Mzee, wewe mwenyewe ni fundi bomba. Watu watanicheka."

Nikamwambia nafasi ni ndogo, mkono haupiti.

"Basi nitaleta vijana wangu. Wavunje nguzo, wang'oe hiyo koki kwa spana kubwa, wajenge upya. Siku moja tu."

"Lini?"

"Jumamosi ya tarehe sita."

Nilitaka kumwambia kitu. Ningesemaje? Kwamba ndani ya ukuta ule kuna kazi ya mtu, na vijana wake wataitupa kwenye ndoo ya kifusi pamoja na mawe? Mzee mzima. Nikasema, "Sawa."

Akishuka nikamsikia Mama Cherehani akizungumza naye kwenye ngazi, muda mrefu. Nikajua ni yeye aliyenishtaki.

Machi 27

Mvua bila kupumua. Mama Cherehani kanisalimu ngazini. Nimeitikia kwa kichwa.

Machi 30

Leo nimekaa karibu na beseni asubuhi yote. Nikajikuta nahesabu na tone, moja hadi sita, moja hadi sita. Nyumba hii haina sauti nyingine. Tangu aondoke mimi sipiki kitu cha kunguruma, redio sijawasha. Nikaona kwamba kumbe silichukii hili tone. Linaanzia pale mkono wake ulipoishia.

Halafu nikaisikia cherehani chini imesimama ghafla, na kitu kikiburutwa sakafuni.

Aprili 2

Binti yangu kwenye simu:

"Unakula?"

"Nakula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Baba!"

"Mama, nimekula. Nilikula jana."

Akaniambia nihamie kwake. Ana chumba, watoto wataniita babu kutwa nzima hadi nichoke. Nikamwambia nitafikiria. Akauliza kuhusu sinki. Kumbe msimamizi kampigia naye. Nikamwambia Jumamosi wanavunja.

"Na ile koki ya mama?"

Sikujua kwamba na yeye anaiita hivyo.

"Itatoka," nikasema.

"Na wewe utakuwepo wakiitoa?"



Aprili 4

Mvua imepungua. Kesho ni Ijumaa. Nimepanga spana ndogo, sabuni ya mche, kitambaa, tepu mpya. Kama ni kutolewa, itolewe na mtu anayemjua aliyeifunga.

Aprili 5

Nimefunga koki kuu saa tatu asubuhi. Nikafungua bomba la juu hadi maji yakakatika. Nikaondoa beseni, nikatandika gunia, nikalala chali chini ya sinki.

Sijawahi kulala pale. Miaka yote hiyo sijawahi. Nikatazama nje, mahali ninapopigaga magoti, nikaona alichokuwa anaona yeye: sakafu, miguu ya kiti, na kama mtu angekuwepo, ungeona magoti yake tu. Kwa hiyo katika kila nyumba tuliyoingia, mwenzangu alikuwa anayatazama magoti yangu. Hakuwahi kuniambia. Suruali zangu za kazi alizitia viraka magotini, viwili viwili, nami nilidhani ni kwa sababu zinachakaa.

Pete ilinasa kwenye zege. Nikaitoa, nikaiweka dirishani. Nikapaka sabuni mkono hadi juu ya kiwiko. Nikausukuma, nikitegemea utakwama kwenye kiganja kama siku zote.

Haukukwama. Kiganja kikapita, kifundo kikapita, mkono ukaingia hadi kiwiko. Nililala pale nikiutazama kama mkono wa mtu mwingine. Nimekonda kiasi hicho. Binti yangu alikuwa anauliza "unakula?" na mimi namjibu kimchezo, kumbe miezi mitatu nilikuwa najipunguza hadi nipate kupita anapopita yeye.

Nilikuwa nimeweka tochi kifuani. Mwanga uligonga zege ukanirudia machoni, sikuona kitu. Nikaizima.

Ikawa rahisi. Mpira nikaufungua kwa vidole. Kisha koki yenyewe: spana inazunguka robo tu, unaitoa, unairudisha, robo nyingine. Nikawa najisemea, "Kwa mlango. Kwa mlango tena." Ilichukua karibu saa nzima. Ilipolegea niliiachia kidogo, nikapumua, halafu nikaimalizia kwa vidole, ikanidondokea kiganjani.

Nikatoka nayo kwenye mwanga.

Nilidhani nitaona tepu imechakaa. Haikuwa imechakaa. Ilikuwa imezungushwa kinyume. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza huambiwa: tepu inafuata upande ambao koki inafungia, ili ukikaza ijikaze nayo. Ukiizungusha kinyume, kila ukikaza unaifungua, inajikusanya shingoni kama soksi iliyolegea, na maji yanapata njia. Ya kwake ilikuwa imejikusanya hivyo. Tena imepita juu ya meno, imerudi, imepita tena, kama mtu anayepapasa.

Yeye! Aliyekuwa akiona kwa vidole.

Nikakaa sakafuni na koki mkononi. "Leo zungusha wewe." Hakuwa anatania. Aliomba, mara moja tu katika maisha yetu ya kazi, nami nikamchekesha.

Sijui nilikaa muda gani. Mlango ulikuwa wazi. Mama Cherehani akasimama pale, kabeba beseni lake tupu.

"Kumekauka kwangu," akasema. "Nikasema nije nione kama umezama."

Nikamwonyesha koki. Hajui mabomba, lakini uzi anaujua. Akaigeuza kwenye mwanga, akaishika tepu kwa ncha ya kidole.

"Vidole vilikuwa vimekufa ganzi," akasema. "Alikuwa anashuka na sindano zake nimtungie uzi. Nne, tano, anazichomeka kwenye kitambaa anapanda nazo, ili wewe ukimwona anashona usijue. Kuanzia kabla ya hiyo koki."

"Daktari alimuuliza ganzi imeanza lini. Akasema juzijuzi."

"Alisema ukijua utamkataza kazi. Na akikaa nyumbani, wewe utaenda na nani?"

Akanirudishia koki.

"Aliniambia nisiseme. Nikanyamaza. Na hili tone nilinyamaza nalo wiki nzima na beseni langu, shemeji, kabla sijapanda kwako. Nilijua ni kazi ya nani."

"Mimi nilidhani ulinishtaki kwa msimamizi."

"Nilimwomba asogeze siku, hata kabla hajapanda kwako! Alitaka kuvunja kesho yake. Tarehe sita unadhani ilitoka wapi?"

Nikaona haya hadi masikioni. Nikamwomba radhi. Akapunga mkono kama anafukuza nzi.

Nikasafisha meno ya koki kwa kitambaa. Nikachukua tepu mpya, nikazungusha mwenyewe, polepole, kwa upande koki inakofungia, nikiibana kwa kidole gumba kila mzunguko kama nilivyomwona akifanya mara elfu. Haikukaa kama ngozi. Lakini ilikaa.

Nilipolala tena chali, Mama Cherehani akapiga magoti nje, akiguna kwa ajili ya mgongo wake.

"Nikushikie nini?"

"Shika tochi."

"Niwashe?"

"Usiwashe."

"Sasa naishika ya nini?"

"Ishike tu, shemeji."

Akaishika. Niliona magoti yake na ncha za nyuzi zimenasa kwenye sketi, nyekundu na nyeupe. Nikaingiza mkono, nikapapasa tundu, nikaitia koki.

"Kwa dirisha," nikasema.

"Wapi?"

"Najisemea."

"Haya, kwa dirisha," akasema na yeye.

Ikashika. Nikaongeza kidogo tena.

Aprili 6

Msimamizi alikuja na vijana wawili na nyundo. Akapapasa ukuta wa kwenye ngazi, akapapasa chini ya sinki, akaniangalia. "Mkono umepita?"

"Umepita."

Vijana wakaondoka na nyundo zao. Walionekana wamesikitika kidogo.

Tepu yake nilitaka kuihifadhi, lakini ikishatoka haifungi tena kitu, na yeye hakuwa mtu wa kuweka takataka. Nimeitupa mwenyewe, kwa mkono wangu.

Aprili 7

Nimempigia binti yangu, nikamweleza yote. Alilia, nami nikamwacha alie, nikakaa na simu sikioni. Kisha akauliza, "Umekula?" Nikamtajia nilichokula, kimoja kimoja. Nikamwambia chumba chake akiweke, nitakuja kutembea, si kuhama.

Aprili 11

Kimya jikoni. Nimekisikiliza. Kigumu kuliko tone.

Mwenye saluni kapiga simu. Beseni la pili.

Aprili 13

Mvua imekatika. Nimefungua daftari kwa mwanzo, nikasoma kurasa zake zote arobaini, mtaa kwa mtaa. Ya mwisho ni ya mwaka jana. Koki yetu hakuiandika. Labda aliona ya nyumbani si kazi. Nimeiandika mimi, chini ya mstari wake wa mwisho, kwa namna yake:

Aprili 5. Nyumbani. Sinki la jikoni. Hakuna mbwa.